"Kwangu Anageuka, kwa Wenzangu Hageuki": Dhana Potofu Kuhusu Mofu za Roblox

Wengi wanaoniletea gemu zao za Roblox, jukwaa la kuunda na kucheza gemu, niwakagulie mofu, yaani mageuzi ya mhusika kuwa umbo jingine kama joka, huanza na maneno yaleyale: "Skripti iko sawa kabisa, mhusika anageuka vizuri, ila wenzangu hawaoni kitu. Nadhani Roblox ina hitilafu." Hapana. Roblox haina hitilafu hapo. Skripti, yaani msimbo ulioandika, ndiyo haiko sawa. Nimelieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka kulirudia, kwa hiyo naliandika lote hapa, na dhana nyingine chache zinazoandamana nalo.

"Akigeuka kwenye skrini yangu, kazi imekwisha"

Kilichogeuka ni nakala ya mhusika iliyomo kwenye kifaa chako, basi. Gemu inapoendeshwa kuna seva inayoshika hali halisi ya ulimwengu wake, na kila mchezaji ana nakala ya ulimwengu huo kwenye simu au kompyuta yake. Seva ikibadilisha kitu, badiliko huwafikia wote. LocalScript, yaani skripti inayoendeshwa kwenye kifaa cha mchezaji, ikibadilisha kitu, badiliko huishia kwenye kifaa ilimo. Zamani muundaji aliweza kuuzima utaratibu huu, na badiliko la mchezaji mmoja likaenea kwa wote, uharibifu wa wadukuzi ukiwemo. Mwaka 2018 ruhusa hiyo iliondolewa kwa gemu zote. Ndiyo maana video za mafunzo za miaka ya nyuma zinakupoteza: zilisema kweli siku ziliporekodiwa, leo si kweli tena. Angalia tarehe ya video kabla hujanakili hata mstari mmoja.

Naelewa kwa nini watu wanachanganyikiwa. Yapo mambo machache yanayoanzia kwenye kifaa cha mchezaji na wengine wakayaona. Seva humwachia kila mchezaji umiliki wa fizikia ya mwili wake mwenyewe, ili asisubiri jibu kila anapopiga hatua. Kwa hiyo mahali ulipo, pamoja na animesheni unazozichezesha kupitia Animator (kichezesha animesheni) wa mhusika wako, huwafikia wenzako hata zikitokea kwenye LocalScript. Sasa mtu anaandika LocalScript moja yenye kazi tatu: ipandishe WalkSpeed (kasi ya kutembea) kutoka 16 hadi 40, icheze animesheni ya kunguruma, kisha ibadilishe rangi ya mwili na kuongeza mabawa. Anamwita mwenzake aje atazame. Mwenzake anaona mbio, anaona mngurumo, mabawa hayaoni. Basi anaamini mabawa ndiyo yenye kasoro, anakesha akiyafumua na kuyaunganisha upya. Mabawa hayana kosa lolote. Hata hiyo WalkSpeed, ukiisoma kutoka upande wa seva utaikuta bado ni 16. Wenzako wanachokiona ni matokeo ya mwendo wako tu.

Kuna wanaoligundua hilo kisha wakatafuta njia ya mkato: seva iite FireAllClients, amri ya kuvitangazia vifaa vyote, kisha kila kifaa kimgeuze mhusika chenyewe. Inaonekana kufanya kazi, mpaka aingie mchezaji mpya. Yeye hakuwepo tangazo lilipopita, kwa hiyo anamwona joka wako akiwa bado mtu wa kawaida anayekimbia kupita kiasi.

Njia sahihi ni hii. LocalScript isikilize kitufe na kupeleka ombi kupitia RemoteEvent, njia ya ujumbe kati ya kifaa na seva. Script ya upande wa seva ndiyo imgeuze mhusika. Moshi, mwanga, mtikisiko wa kamera na sauti za kupamba tukio zinaweza kubaki kwenye vifaa vya wachezaji, na kwa kweli ni bora zibaki huko, maana aliyechelewa kuingia hapotezi chochote asipouona moshi wa dakika iliyopita. Mwili wenyewe ni wa seva.

Na hapo ndipo ninapokutana na nusu ya pili ya dhana hii, ambayo inaniudhi kuliko ile ya kwanza: kwamba ukishatumia RemoteEvent umekuwa salama. Nafungua skripti ya seva, nakuta inapokea jina la mofu kutoka kwa mchezaji na kwenda moja kwa moja kuinakili, bila swali hata moja. Ulinzi wote umewekwa kwenye kitufe: asiyenunua gamepass (ruhusa ya kulipia) hakioni. Mdukuzi hahitaji kitufe chako. Anaifyatua RemoteEvent mwenyewe, na maneno yoyote anayotaka, mara nyingi kadiri anavyotaka. Katika OnServerEvent, yaani pale seva inapopokea ombi, thamani ya kwanza, yaani mchezaji aliyetuma, huwekwa na mfumo wenyewe na haighushiki. Zote zinazofuata zichukulie kama maneno ya mtu usiyemjua. Je, ni maandishi kweli, au ametuma jedwali ili skripti ivunjike? Jina hilo limo kwenye orodha yako? Mchezaji yuko hai? Muda gani umepita tangu alipogeuka mara ya mwisho? Kama mofu ni ya kulipia, UserOwnsGamePassAsync, inayouliza kama mchezaji ana gamepass, iitwe kwenye seva, wakati wa ombi. Ukaguzi wote huo hauzidi mistari kumi na tano.

Wengine hujaribu kutuma modeli nzima badala ya jina. Modeli iliyoundwa kwenye kifaa cha mchezaji haipo kwa seva, kwa hiyo seva hupokea nil, yaani hakuna kitu. Tuma jina. Na hizo modeli zihifadhi ndani ya ServerStorage, ghala la seva peke yake, si ReplicatedStorage. Kila kilichomo kwenye ReplicatedStorage hushushwa kwenye kifaa cha kila anayeingia, na kikishafika huko kinaweza kunakiliwa. Umetumia wiki tatu kuchonga joka lako; usimgawie kila mpita njia.

Kuhusu kujaribu: jaribio la kawaida ndani ya Studio, programu ya kuundia gemu za Roblox, lina mchezaji mmoja, na macho unayotazamia ni yake. Studio hiyohiyo inakuruhusu kuanzisha seva ya majaribio yenye wachezaji wawili au zaidi, kila mmoja na dirisha lake. Itumie kila mara. Mgeuze mmoja, tazama kwa macho ya mwingine. Kisha umuue aliyegeuka, uone anarudi na umbo gani. Sikubali kukagua mofu ambayo mwenyewe hajaiona kutoka dirisha la pili, na nitaendelea kukataa.

"Mstari mmoja wa player.Character unatosha"

Ndiyo, ukiandika player.Character (mwili wa mchezaji) na kumpa modeli mpya, mchezaji atahamia kwenye mwili mpya. Swali ni kile anachokiacha nyuma. Silaha aliyoishika iko ndani ya mwili wa zamani, si kwenye Backpack (mkoba wake), kwa hiyo ukiuharibu mwili huo silaha inakwenda nao. Ita UnequipTools kwanza, silaha irudi mkobani. Afya pia haihami: Humanoid mpya, kitu kinachoshika afya na mwendo wa mhusika, anaanza na afya kamili, na wachezaji wako watagundua mapema kuliko unavyodhani kwamba kugeuka na kurudi ni dawa ya bure katikati ya pambano. Hesabu asilimia ya afya aliyokuwa nayo, uihamishie kwa Humanoid mpya. Mahali pia: chukua GetPivot ya mwili wa zamani, umweke mpya papo hapo kwa PivotTo. Modeli iwe na HumanoidRootPart (kipande cha msingi cha mwili), PrimaryPart (kipande kikuu cha modeli) iliyowekwa, na skripti ya Animate ndani yake, la sivyo utapata sanamu inayoteleza.

Akifa, mfumo humrudisha na avata yake ya kawaida. Hiyo si hitilafu, ndivyo ulivyopangwa. Ukitaka abaki joka, andika chaguo lake kama Attribute (alama ya taarifa) ya Player, kisha umgeuze tena CharacterAdded, tukio la mwili mpya kuingia, inapoita. Lakini kumbuka kwamba kuweka player.Character nako kunaifyatua CharacterAdded. Usipoweka kizuizi, mageuzi yataita mageuzi bila mwisho na seva itakwama. Kabla ya kugeuza, skripti iulize kwanza kama mwili uliopo tayari ni mofu. Alama moja ya Attribute kwenye modeli inamaliza suala.

Na kabla ya kubadilisha mwili mzima, jiulize kama unahitaji. Kama unachotaka ni mtu mwenye nywele nyingine, ngozi ya kijani na kimo kikubwa zaidi, HumanoidDescription, yaani maelezo ya sura ya mhusika, inatosha. Tengeneza maelezo, ita ApplyDescription kwenye seva, na silaha, afya na mahali vyote vinabaki vilivyokuwa. Nashangaa ni wangapi wanaruka njia hii na kwenda kwenye ile ngumu. Ila vipimo vya kimo na upana hufanya kazi kwa mwili wa aina ya R15, si R6 (tofauti yao iko hapo chini).

"Mofu ni mavazi tu, bandika vipande mwilini"

Kubandika kunakubalika, kwa masharti. Kipande kikibaki na Anchored, mhusika mzima anaganda pale aliposimama, kwa sababu vipande vilivyounganishwa huwa mwili mmoja na mwili wenye kipande kilichotiwa nanga hausogei. CanCollide (kugongana na vitu) ikibaki imewashwa, mkia unakwama milangoni. Massless (kutokuwa na uzito) isipowekwa, bawa kubwa la upande mmoja linavuruga mizani ya mwili na mruko unaharibika. Zima Anchored, zima CanCollide, washa Massless, unganisha kwa WeldConstraint, kwa kila kipande. Miguu ikizama ardhini au ikielea, rekebisha HipHeight (kimo cha nyonga).

Wanaoficha mwili wa zamani kwa kuweka Transparency (uwazi) kuwa 1 husahau uso. Kwenye vichwa vya kawaida uso ni Decal, yaani picha iliyobandikwa, na Decal ina Transparency yake. Kofia na nywele nazo zina Handle zao, vipande vinavyojitegemea. Matokeo yake ni tabasamu linaloelea ndani ya kifua cha joka.

"R6 na R15 ni tofauti ya sura tu"

R6 ina sehemu sita za mwili, R15 kumi na tano, na viungo vya Motor6D vya moja havilingani na vya nyingine. Animesheni iliyotengenezwa kwa R6 haichezi kwenye R15, wala kinyume chake. Amua siku ya kwanza gemu yako ni ya aina gani, uifunge aina hiyo kwenye mipangilio, na mofu zote zifuate. Kuchanganya aina zote mbili katika gemu moja kunawezekana, na simshauri mtu yeyote anayeanza.

"Touched huita mara moja mchezaji akikanyaga kitufe cha sakafuni"

Touched, tukio la kitu kuguswa, huita mara nyingi mno. Mguu wa kulia, wa kushoto, kisha tena anapojitikisa kidogo. Bila kizuizi cha muda, mtu mmoja anageuzwa mara tano kabla hajainua mguu. Na kizuizi kiwe cha kila mchezaji peke yake, kwenye jedwali linalosafishwa PlayerRemoving (mchezaji akiondoka) inapoita. Ukitumia kigeu kimoja kwa wote, aliyekanyaga kwanza anawafungia wengine. Mpate mchezaji kwa GetPlayerFromCharacter, usiamini jina la kilichogusa.

"Modeli ya bure kutoka Toolbox ni salama, maana iko ndani ya Studio"

Toolbox ni ghala la modeli zilizotengenezwa na watu mbalimbali. Umbo lichukue. Skripti zilizomo ndani zisome zote au uzifute zote. Mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia gemu) wa kawaida ni mstari mmoja wa require wenye namba ndefu ya kitambulisho, umesukumwa mbali kulia kwa nafasi tupu ili usiuone. Mstari huo huleta msimbo wa mtu mwingine na kuuendesha kwenye seva yako, na mwenye msimbo huo anaweza kuwafukuza wachezaji wako au kuivuruga gemu nzima. Tafuta neno require katika skripti zote za gemu, na neno getfenv, linalotumika kuuficha wito huo, vilevile, kila unapoingiza modeli usiyoitengeneza. Joka mwenye skripti thelathini zilizofichwa ndani ya meno yake mfute, umchonge upya.