Mtutu wa 1861, sura ya 1847: nilivyorekebisha gobore la "Mississippi"

Mteja mmoja, mwigizaji wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliniletea gobore jipya la Kiitaliano akasema, "Fundi, nataka lifanane na yale ya Colt," yaani raifuli za zamani zilizorekebishwa na kampuni ya silaha ya Colt wakati wa vita hivyo. Nilifurahi. Wengi huja na ombi la "lionekane la kale," nami huwauliza: la kale la mwaka gani, na lililopita mikononi mwa nani?

(Ndiyo, naliita gobore. Babu yangu kule Urambo alikuwa nalo moja, na maneno mdeki (fimbo ya kushindilia risasi), fataki (kifuniko kidogo cha kuwashia baruti) na singe (kisu cha kufungia mdomoni mwa mtutu) nimeyarithi kwake. Karakana yangu iko Maryland lakini msamiati wangu ni wa Urambo.)

Lililoletwa ni nakala ya raifuli ya jeshi ya Modeli ya 1841. Ile ya asili ilikuwa raifuli ya kwanza ya jeshi la Marekani kubuniwa tangu mwanzo kwa fataki badala ya gumegume, yaani jiwe la kutoa cheche. Mtutu wake ulikuwa wa inchi 33, wenye tundu la inchi 0.54. Vyuma vya kitako vilikuwa vya shaba ya manjano, na ubavuni kulikuwa na kibweta cha kuwekea vitambaa vyenye mafuta, kwa kuwa risasi yake ya duara ilivishwa kitambaa ili ishike mifereji ya ndani ya mtutu. Haikuwa na mahali pa kufungia singe. Jina "Mississippi" ililipata vitani Meksiko, Februari 1847, pale Buena Vista, kwenye kikosi cha watu wa jimbo la Mississippi kilichoongozwa na Kanali Jefferson Davis.

Davis huyohuyo alikuja kuwa Waziri wa Vita, na mwaka 1855 jeshi likahamia inchi 0.58 na risasi ya Minié. Risasi hii ina ncha mbele na shimo kitakoni. Baruti ikiwaka, kitako chake kinatanuka na kukamata mifereji chenyewe, kitambaa hakihitajiki tena. Ukishaelewa hilo, marekebisho yote ya raifuli za zamani yanajieleza. Tundu lilipanuliwa lipokee risasi mpya. Risasi ikawa inafika mbali kuliko ile ya duara, kwa hiyo kile kipande kifupi cha kulengea chenye mkato mmoja kikawa hakitoshi. Kichwa cha mdeki kilihitaji kuchimbwa shimo, la sivyo kingeiponda ncha ya risasi wakati wa kushindilia. Na askari wa miguu akahitaji singe.

Lakini si kila karakana ilifanya kazi kwa namna moja, na hapa ndipo waigizaji wengi wanapokosea. Kiwanda cha serikali cha Harpers Ferry kilikuwa na njia zake, tena zaidi ya moja. Vita vilipoanza 1861, kampuni ya Colt ilinunua raifuli hizi kwa maelfu kutoka serikalini na kuzirekebisha kwa njia yake: tundu la 0.58, vibao vya kulengea vya kukunja kama vya raifuli zake za silinda, na pete ya chuma yenye mpasuko, inayokazwa kwa skrubu karibu na mdomo wa mtutu, ikibeba jino la kushikia singe ndefu kama upanga. Ukichukua kilengeo cha huyu na singe ya yule, umetengeneza silaha ambayo hakuna askari aliyewahi kuibeba.

Kichekesho ni kwamba gobore la mteja wangu lilitoka kiwandani na tundu la 0.58, huku kwa nje lina kilengeo cha zamani chenye mkato mmoja, mdeki wenye kichwa cha shaba, na halina singe. Ndani ni la 1861, nje ni la Buena Vista! Kwa hiyo mtutu sikuugusa kwa ndani hata kidogo, wala sitakubali kuugusa. Alama za majaribio za Italia na namba ya silaha niliziacha zilivyo, na chini ya mtutu, mahali pasipoonekana mpaka uuchomoe, nikagonga mwaka huu. Miaka hamsini ijayo mtu asije akauziwa kama la kweli.

Kilengeo kilikuwa kazi ya asubuhi moja. Pete ndiyo iliyonitesa. Niliichonga kwa vipimo nilivyochukua kwenye mtutu wa asili, ikagoma kuingia, kwa sababu mtutu wa nakala ni mnene kidogo kwa nje. Kishawishi cha kupiga tupa mtutu kilikuwepo. Nikapiga tupa pete, upande wa ndani, nikipaka masizi ili nione panapogusa na kujaribu, nikipaka na kujaribu, mpaka ikakaa. Siku mbili zilikwenda hapo.

Rangi ilihitaji subira ya aina nyingine. Nakala huja na weusi wa buluu unaong'aa, wakati mtutu wa asili ulikuwa kahawia, yaani kutu iliyofugwa. Niliuvua weusi kwa siki, nikapaka dawa ya kutia kutu, nikautundika ndani ya kabati lenye unyevu. Kila kutu ilipochanua niliisugua kwa brashi na kupaka tena, mara saba. Mwisho nikaumwagia maji yanayochemka kuizima, kisha mafuta. Vanishi nyekundu ya kitako niliikwangua yote na kuweka mafuta ya kitani. Mti wa jozi uliofichwa chini yake ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea.

Kwenye raifuli za Colt, singe na pete yake ziligongwa namba moja, kwa kuwa kila jozi ilisawazishwa kwa mkono. Mteja aliponiletea singe yake ya nakala, ilikataa kuingia kwenye jino. Nikaitia kwenye jiliwa, nikaisawazisha kwa tupa ndogo hadi ikaingia kwa mlio mmoja mkavu. Kisha nikauliza anataka namba gani. Akachagua 47, nikaigonga pande zote mbili.