Ukiona uzi kwenye tawi la mlilana

Juzi, maji ya bamvua yalipokupwa, nilikuwa Moa, wilayani Mkinga, mkoani Tanga. Mzee mmoja mvuvi akaninyooshea kidole mililana, aina ya mikoko, iliyokauka vichwa. "Mwanangu, wanasema imemwagiwa dawa. Kweli?"

Sikumjibu papo hapo. Mti uliomwagiwa dawa shinani sitarajii ukaushe tawi moja na kuliacha la pili na maua yake.

Tukainamisha tawi nene kama mpini wa jembe. Kwenye panda paliganda kitu kama tope kavu. Nilipokikwangua kwa ncha ya kisu hakikubomoka. Kilivutika, kikaning'inia kwa nyuzi. Ni hariri, imeshikamanishwa na punje za kinyesi na unga wa gome. Chini yake tundu, njiti ya kiberiti inazama.

Uzi huo ndio ushahidi wangu. Pwani ya Kenya mililana imekuwa ikikauka hivi kwa miaka mingi, na mwaka 2016 watafiti walichapisha kuwa watoboaji ni wawili: nondo wa jenasi mpya na mbawakawa aitwaye Bottegia rubra. Nondo walimkuta hadi Vanga, ng'ambo tu ya mpaka kutoka hapa Mkinga. Buu la mbawakawa nalo hutoboa, ila halisokoti hariri. Kiwavi wa nondo husokota.

Nondo hawa ni wa familia ya Metarbelidae. Viwavi wao hujichimbia ndani ya mti, na wengi hutoka hadi mlangoni kutafuna gome wakiwa wamejificha chini ya paa hilo la hariri. Tawi likishatobolewa na kubanduliwa gome, maji hayapandi, ncha inakauka. Nondo mzima ni mdogo na hana mdomo wa kunyonya wa maana, kwa hiyo hata mauani humkuti. Ndiyo maana lawama inawaangukia binadamu.

Mzee, ambaye dau lake lina mataruma, yaani mbavu, ya mlilana, akataka tupulize dawa. Nikamwambia hapana, mzee wangu: kiwavi yuko ndani ya mbao, dawa itaishia majini kwa kamba na vifaranga vya samaki. Afadhali kukata tawi na kulichoma, tena kwa kibali, maana mikoko ni hifadhi. (Ndiyo, hata tawi kavu. Kibali changu nilikuwa nacho mfukoni.)

Tawi moja nimelileta mjini. Liko barazani, ndani ya ndoo iliyofungwa chandarua. Kila asubuhi nakuta unga mpya kwenye kitako cha ndoo, kiwavi bado anakula.