Gesi ya mionzi si vumbi

Hapa Mbeya, vijiweni Mwanjelwa, bado nasikia kwamba viwanda vinavyochakata upya mafuta ya nyuklia (si ya kimiminika, ni fimbo za urani zilizotumika kwenye vinu) hunasa gesi zote kwa chujio, kama kitambaa kinavyozuia vumbi. Sivyo. Mafuta yaliyotumika yakikatwa na kuyeyushwa katika asidi ya nitriki, gesi hutoka, na kila moja ina tabia yake. Iodini-129 hushikana na madini ya fedha, kwa hiyo inaweza kunaswa kwa vichujio vyenye fedha. Na lazima inaswe, maana hupungua nusu baada ya miaka milioni 16 hivi! Kriptoni-85 ni ngumu zaidi: karibu haishikani na chochote. Kuitenganisha kwa baridi kali kunawezekana, lakini ni ghali. Kiwanda cha La Hague, Ufaransa, huiachia hewani kupitia bomba refu.