FRET ni nini, na kwa nini namba yake pekee haitoshi

FRET ni uhamisho wa nishati kati ya molekuli mbili zinazong'aa, zikiwa zimekaribiana sana. Ukiimulika ya kwanza, yaani mtoaji, hupokea nishati, kisha sehemu ya nishati hiyo humfikia jirani yake, mpokeaji, naye hung'aa kwa rangi yake mwenyewe. Hakuna mwanga unaosafiri katikati. Mjerumani Theodor Förster ndiye aliyeiwekea hesabu katika miaka ya 1940.

Thamani yake iko kwenye umbali. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyopishana chini ya nanomita 200 hivi, ilhali FRET hutokea kati ya nanomita 1 na 10, tena hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Chukua jozi inayopitisha asilimia 50 ya nishati kwa umbali wa nanomita 5. Zitenganishe hadi nanomita 10, itabaki asilimia 1.5 tu. Kwa hiyo anayeiona FRET ndani ya seli hai ana haki ya kusema protini mbili alizozibandika molekuli hizo zimekaribiana mno, mradi amepima sawasawa na ametuonyesha alivyopima.

Tazama mfano huu. Njia moja ni kumpausha mpokeaji kwa leza kali, yaani kumzima asiweze tena kupokea nishati. Mtoaji akikosa wa kumpa, hung'aa zaidi. Tuseme mwanga wake kwenye kamera ulisomeka 600, ukapanda hadi 800. Gawanya, toa kwenye moja: ufanisi, yaani sehemu ya nishati iliyokuwa ikimfikia mpokeaji, ni asilimia 25. Lakini kamera ilisoma 200 hata pale pasipo na seli; huo ndio usuli. Ondoa hiyo 200 kote, unabaki na 400 na 600, na ufanisi unakuwa asilimia 33. Seli ni ileile, picha ni zilezile! Makala isiyosema usuli uliondolewaje inaninyima njia ya kuirudia kazi hiyo.

Kuna na kuvuja kwa rangi. Katika jozi maarufu ya protini zinazong'aa, CFP (mtoaji) na YFP (mpokeaji), mwanga wa CFP hupenya kwenye chujio cha YFP, na mwanga wa kuamsha CFP humwamsha pia YFP moja kwa moja. Dawa yake ni kupiga picha sampuli yenye mtoaji tu na yenye mpokeaji tu, kwa vichujio vilevile na muda uleule, kisha kuzichapa namba hizo. Taja pia idadi ya seli na ya majaribio: seli 40 za sahani moja ni jaribio moja. Picha inayoonyesha ufanisi kwa rangi nayo iwe na mizani ya rangi yenye namba.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya maabara 20 zilizopima sampuli zilezile za DNA, molekuli mojamoja, kila maabara kwa vifaa vyake. Kwa masahihisho yaliyoelezwa hatua kwa hatua, ufanisi walioupata, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ulipishana na wastani kwa takriban 0.02 hadi 0.05 tu.