HDR ni nini? Mwanga na kiza katika picha za Praha

Ingia kanisa kuu la Mtakatifu Vitus mjini Praha saa sita mchana, siku ya jua kali. Hatua za mwanzo huoni vizuri. Umetoka kwenye ua mweupe unaoumiza macho, na ghafla uko chini ya dari ya mawe iliyo juu mno. Subiri kidogo. Macho yanazoea, nguzo zinaanza kuonekana moja moja, na mikunjo ya mavazi ya sanamu inajitokeza kwenye kona. Ukiinua uso unaliona dirisha la vioo vya rangi lililobuniwa na msanii Alfons Mucha, limewaka nyekundu, dhahabu na buluu. Kona ya kiza na kioo kinachowaka, vyote unavipata kwa mara moja.

Sasa toa kamera upige. Ukiipimia mwanga wa nguzo, dirisha linaungua na kubaki weupe mtupu. Ukiipimia mwanga wa dirisha, kanisa zima linageuka weusi. Hujakosea, na kamera haijaharibika. Mahali hapo pana mwanga wa aina nyingi kuliko picha moja inavyoweza kubeba, na njia ya kutatua jambo hilo ndiyo inayoitwa HDR.

Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya upeo mpana wa mwanga. Upeo unaosemwa hapa ni umbali uliopo kati ya sehemu yenye kiza kuliko zote na sehemu yenye mwanga kuliko zote, mradi zote mbili bado zinaonyesha kitu. Wapiga picha huupima kwa stopu. Kila stopu moja ni mwanga maradufu: stopu mbili ni mara nne, stopu kumi ni mara 1,024. Kamera nzuri ya leo, ikiwekwa kwenye ISO (usikivu wake kwa mwanga) ya chini, hunasa takribani stopu 14. Ni nyingi, lakini kanisa lenye jua linalopiga madirishani linaweza kuzidi hapo. Jicho nalo halifanyi kazi kama kamera. Linatembea. Likitua kwenye dirisha mboni hujibana, likirudi kwenye kona hufunguka, na ubongo huunganisha vipande hivyo ukaamini umeona vyote kwa mtazamo mmoja. HDR huiga tabia hiyo ya jicho: kutazama mara kadhaa, kisha kuunganisha.

Kwa mkono, kazi yenyewe huenda hivi: unapiga fremu tatu, yaani picha tatu za mahali pamoja zenye mwanga tofauti. Chukua daraja la mfalme Karolo wa Nne, ambalo Wacheki huliita Karlův most. Lilianza kujengwa mwaka 1357, lina urefu wa mita 516 hivi na matao 16 juu ya mto Vltava, na kingo zake zimepangwa sanamu 30. Linatoka Mji Mkongwe upande wa mashariki kwenda mtaa wa Malá Strana upande wa magharibi. Mwezi Juni jua la Praha huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukisimama upande wa Malá Strana ukatazama mashariki, mwanga wa jua unakuja kutoka mbele yako, kushoto kwa mnara wa daraja. Mawe yaliyopata weusi kwa karne nyingi yako mbele yako, na mbingu iliyopauka iko nyuma yake. Hiyo ni picha ya HDR kwa asili yake.

Funga kamera kwenye stendi. Weka tundu la lenzi kwenye f/8 (namba ya ukubwa wa tundu) na ISO 100, kisha usiviguse tena, kwa sababu tundu likibadilika, na kina cha picha (eneo linaloonekana wazi toka karibu hadi mbali) hubadilika, halafu fremu hazitalingana. Fokasi na rangi ya mwanga pia ziache kwenye namba moja, usiziachie kamera ijiamulie. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaingia. Kama fremu ya kati ni 1/15 ya sekunde, ya pili piga kwa 1/60, ambayo ni stopu mbili chini, ili mbingu ibaki na rangi yake. Ya tatu piga kwa 1/4, stopu mbili juu, ili miguu ya sanamu na mawe ya njia yaonekane. Kamera nyingi zina mpangilio wa kupiga fremu hizo tatu zenyewe kwa mfululizo. Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi, kwa kuwa JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384.

Nyumbani, programu huchukua fremu hizo na kukadiria mwanga halisi wa kila nukta: kwenye mbingu huamini zaidi fremu ya haraka, kwenye kivuli huamini ile ya polepole. Faili linalotoka hapo ndilo HDR yenyewe, na kwenye kioo cha kawaida cha kompyuta huwezi hata kuliona lote.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Husikia "upeo mpana" wakadhani picha imeongezewa mwanga, rangi na ukali. Hatua inayofuata ni kinyume kabisa cha kuongeza. Karatasi nzuri ya picha, weupe wake ukilinganishwa na weusi wake, hutofautiana kwa takribani mara 100 tu, chini ya stopu saba. Mandhari yenye stopu 15 lazima ibanwe ili ikae humo. Katika kubana huko kuna kitu kinatolewa sadaka, na mtu ndiye wa kuchagua nini. Mimi naona sanaa yote ya HDR iko kwenye uchaguzi huo, wala haiko kwenye idadi ya fremu.

Kubana si jambo la juzi. Miaka ya 1850 kemikali za kwenye vioo vya kupigia picha zilikuwa zinashtuka mno kwa mwanga wa buluu, kwa hiyo mbingu iliungua kabla bahari haijaonekana. Mfaransa Gustave Le Gray alipiga negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, akazichapa kwenye karatasi moja na kuficha kiungo kwenye mstari wa upeo wa macho. Fikra ni ileile tunayotumia sasa, tofauti ni kwamba yeye aliitekeleza gizani kwa vidole vyake. Hesabu ya kompyuta iliimarika mwaka 1997, pale Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha njia ya kurudisha viwango halisi vya mwanga kutoka picha kadhaa za kawaida. Mfano wao unaokumbukwa zaidi ni wa ndani ya kanisa lenye vioo vya rangi huko Stanford: picha 16, kuanzia sekunde 30 hadi 1/1000 ya sekunde. Sishangai kwamba walikwenda kanisani. Wajenzi wa makanisa hayo walikusudia mwanga na kiza vigongane.

Baadaye programu za kubana mwanga zikawafikia watu wote, na katikati ya miaka ya 2000 intaneti ikajaa miji mikongwe ya Ulaya yenye mawingu ya zambarau na kuta zilizokwaruzwa kila tofali. Picha hizo ndizo zilizoipa HDR jina baya. Kosa lake lina sababu inayoeleweka. Ukibana picha nzima kwa kipimo kimoja, inapooza na kuwa kijivu. Programu hukwepa hilo kwa kubana eneo kwa eneo: inapunguza tofauti kubwa kati ya mbingu na ukuta, huku ikilinda tofauti ndogo zilizo ndani ya ukuta. Ukiisukuma kupita kiasi, mpaka wa maeneo mawili husaliti kazi. Utaona minara miwili ya kanisa la Týn, yenye mita 80 hivi kila mmoja, imezungukwa na ukingo mweupe kama vile imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye mbingu. Ukiuona ukingo huo, rudisha kitelezi cha programu nyuma. Na usisite kukirudisha nusu nzima.

Kasoro nyingine hutokana na vitu vinavyosogea. Mtu akikatiza daraja wakati fremu tatu zinapigwa, anajitokeza mara tatu, kila mara nusunusu kama mzuka. Bata maji wa Vltava, bendera na tramu hufanya vivyo hivyo. Programu za sasa zinaweza kuchagua fremu moja kwa ajili ya eneo linalosogea, lakini dawa ninayoiamini ni kuamka mapema, daraja likiwa tupu.

Makanisa mengi ya Ulaya hayaruhusu stendi, na ndani ya Mtakatifu Vitus fremu ya kati kwa f/8 na ISO 100 inaweza kuchukua sekunde nzima. Egemea nguzo, panua tundu la lenzi, pandisha ISO kidogo, na piga fremu moja ya RAW ukilinda dirisha lisiungue; kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye kikarudi na punje chache, yaani vidoa vidogo, lakini kioo kilichoungua hakirudi. Simu nazo zina ujanja wao. iPhone ilipata HDR mwaka 2010 kwa njia ya fremu tofauti za mwanga. Google, mwaka 2013, ilileta njia nyingine: kupiga fremu nyingi za haraka, zote zikiwa na kiza kidogo kwa makusudi, kisha kuzirundika ili punje zifutane. Ndiyo maana simu ya leo huweza kupiga ndani ya kanisa ukiwa umeishika kwa mkono tu.

Lipo jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ndugu yako akisimama katikati ya daraja mchana, mbingu nyeupe nyuma yake, simu huuona uso wake mweusi kuwa ni kivuli cha kuokolewa. Inauinua. Matokeo yake ni ngozi ya rangi ya majivu, haina joto wala mng'ao, na mtu mwenyewe anaikataa picha. Google ilianza kulishughulikia hili waziwazi kwa Real Tone kwenye simu za Pixel 6 mwaka 2021, na nafurahi kwamba limesemwa kwa sauti. Bado, usiiachie mashine. Gusa uso kwenye kioo, shusha mwanga kidogo, na kama mbingu itapauka, iache ipauke. Mtu aliyesafiri hadi huko anastahili kuonekana kwa rangi yake.

Neno HDR utalikuta pia kwenye televisheni na vioo vya simu mpya, na huko lina maana tofauti. Kioo chenyewe kinaweza kuwaka zaidi, kwa hiyo mwanga hauhitaji kubanwa sana. Picha ileile ya dirisha la Mucha ikionyeshwa hapo, kioo cha rangi kinang'aa kweli badala ya kuigizwa.

Turudi Praha jioni. Mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa anajua jua likizama zimebaki dakika ishirini na ushee, kisha usiku. Praha iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku na robo hivi, halafu wekundu na buluu hukaa karibu dakika 40 kabla ya kuzidiwa. Kuna kipindi ndani ya muda huo ambapo mbingu na taa za mji zinalingana nguvu, na upeo wa mwanga unakuwa mdogo wenyewe. Fremu moja inatosha. Nakushauri uufahamu wakati huo kabla ya kununua programu yoyote.

Wakati huo ukipita, kazi inarudi. Taa za gesi zimerudishwa katika mitaa ya katikati ya mji tangu mwaka 2002, na zipo hata juu ya daraja, ambako siku za kuelekea Krismasi mtu huziwasha kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mwanga wake ni wa njano, unafika kifuani mwa sanamu na kuishia hapo. Piga fremu ya haraka ili kioo cha taa kibakie na umbo lake, piga nyingine ya mawe yaliyo chini ya taa, na uishie hapo. Mpigapicha wa Kicheki Josef Sudek, aliyepiga kanisa la Mtakatifu Vitus miaka ya 1920 likiwa linamaliziwa ujenzi ulioanza mwaka 1344, aliacha kiza kikae kwenye kona zake, na miale ya mwanga inayoshuka kati ya nguzo ikaonekana kwa sababu hiyo. Fremu ya tatu, ile ya sekunde nyingi inayofichua kila kitu nyuma ya sanamu, mimi siipigi.