Kabla ya kununua dawa, soma alichoacha mdudu

Wengi wanaonipigia simu huanza na swali lile lile: "Fundi, dawa gani kali?" Nami huwauliza kwanza wameona nini na wamekiona wapi. Mdudu mwenyewe kwa kawaida humuoni. Yumo ndani ya fremu, nyuma ya friji au chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kinachoonekana ni alichoacha: unga, chembe, udongo, mabawa, madoa, kinyesi. Hivyo ndivyo vinavyonitajia jina lake, njia aliyoingilia na kasoro ya nyumba iliyompa nafasi. Kazi yangu ni kudhibiti wadudu wa majumbani Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao, na inaniuma kuona mtu anamaliza mshahara kwa dawa isiyomgusa kabisa mdudu aliye naye, huku bomba linavuja chini ya sinki na hakuna anayejishughulisha nalo.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Chochote kinachodondoka chini ya fremu ya mlango au kabati huitwa unga wa mchwa. Ukweli ni kwamba kuna wadudu wa aina tatu wanaoharibu mbao majumbani kwetu, na tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

Zoa kidogo kilichodondoka, weka kwenye karatasi nyeupe, sugua kati ya vidole. Kikiwa laini, kikiteleza kama poda ya mtoto, huyo si mchwa. Ni mbawakawa mdogo mtoboa mbao. Utakuta na matundu ya mviringo, milimita 1 hadi 2, ambayo ni milango ya kutokea: buu alikaa ndani miezi mingi akila, akageuka mbawakawa, akatoboa, akaruka zake. Katika mbao ngumu hula sehemu nyeupe iliyo nje ya kiini, na mianzi nayo haiachi. Jike hutaga mayai kwenye vinyweleo vya mbao iliyo wazi, kwa hiyo mbao iliyopakwa vanishi au rangi pande zote haimpi pa kutagia. Hapa maseremala wetu wengi wanatuangusha. Kabati linang'aa mbele, lakini mgongoni na chini mbao iko mtupu. Fanicha mpya igeuze uitazame kabla hujalipa, na ukifika nayo nyumbani upake vanishi pale fundi aliporuka.

Matundu peke yake hayathibitishi kwamba mdudu bado yumo. Futa unga wote, ziba matundu kwa nta ya mshumaa, tandika karatasi nyeusi chini yake, kisha subiri wiki kadhaa. Unga mpya ukionekana kwenye ile karatasi, au tundu jipya likitokea kando ya yaliyozibwa, basi kazi inaendelea ndani. Pasipokuwa na kitu, unayo makovu ya zamani na huna haja ya kununua chochote.

Kama ulichozoa kinakwaruza vidole, kipige picha kwa simu kisha uikuze. Ukiona chembe zinazolingana, za milimita 1 hivi, kila moja ikiwa na pande sita zilizobonyea, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji ardhi. Kundi lake zima huishi ndani ya mbao, unyevu uliomo humo unalitosha, na kinyesi hukisukuma nje kupitia kitundu kidogo anachokiziba tena. Hewa yenye unyevu ya pwani inamfaa sana. Kumwaga dawa kwenye msingi wa nyumba kwa ajili yake ni kumwaga fedha, kwa kuwa hayupo kwenye udongo. Kipande kilicholiwa hutolewa kikawekwa kingine, au hutobolewa na kudungwa dawa ndani ya vyumba vyake.

Wa tatu ndiye mchwa wa ardhini, na huyu haachi unga wala chembe. Anaacha udongo. Ni mdudu mwenye ngozi nyembamba, akikaa kwenye hewa kavu hafiki mbali, kwa hiyo kila anapokwenda hujijengea njia ya udongo yenye upana wa penseli hivi, kutoka ardhini hadi kwenye chakula. Utaikuta kwenye kona ya ukuta, nyuma ya mlango ambao haufungwi mara kwa mara, ndani ya stoo, au imepanda na bomba hadi darini kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ukiiona, jizuie kuifagia yote. Vunja kipande cha sentimita 2 hivi katikati, uache juu na chini, halafu rudi baada ya siku mbili. Ikiwa imeunganishwa kwa udongo mbichi, wenye rangi iliyokoza kuliko ule mwingine, kundi liko hai na linaitumia. Njia ile ile inamfaa mpuliziaji, maana inamwonyesha wanakopita. Mteja aliyekwisha kufagia kila kitu kwa usafi ananiachia ukuta mtupu.

Fremu nayo ipige kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hujibu kwa sauti nzito. Iliyoliwa hulia kama kitu kitupu, na mara nyingine bisibisi huzama kwa kuisukuma tu, kwa sababu mchwa hula ndani na kuacha rangi ya nje ikiwa imesimama. Anza chini, hasa pale fremu inapozama kwenye sakafu, kwani ndio mlango wao mkuu.

Mvua zikianza, kumbikumbi huruka, na watu hunipigia kwa hofu. Waliofuata taa ya varanda wakitokea nje si habari mbaya kwa nyumba yako. Sehemu nyingi watoto huwakusanya wakakaangwa. Habari mbaya ni mabawa yaliyolundikana chini ya dirisha la chumba kilichokuwa kimefungwa, kwa maana hao wametokea humo humo ndani. Hakikisha tu si sisimizi wenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne ya urefu mmoja na kiwiliwili kisicho na kiuno. Sisimizi ana kiuno chembamba, mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, na papasio zake zimejipinda kama kiwiko. Kwa nasaba mchwa yuko karibu na mende kuliko sisimizi.

Nani aliyemwita mchwa? Mara nyingi ni sisi wenyewe, siku ya ujenzi. Ukichimba kando ya msingi wa nyumba iliyovamiwa unakuta mbao za kusukia zege zilizoachwa chini, visiki, na mifuko ya karatasi ya simenti iliyofukiwa kwenye kifusi. Hicho chote ni chakula. Mchwa akimaliza hicho hutafuta kinachofuata, nacho ni fremu yako. Halafu inakuja bustani: maua yanapandwa yakigusa ukuta, udongo unapanda mwaka hadi mwaka mpaka unapita usawa wa jamvi, na maji ya kumwagilia yanaulowesha ukuta kila jioni. Shusha udongo huo hadi ukuta uonekane sentimita 15 hivi. Ondoa kuni na mbao zilizoegemezwa ukutani. Maji ya bati yasianguke kwenye msingi. Weka gata, na kama uwezo haujafika, mwaga zege jembamba kuzunguka nyumba liyasukume mbali. Bomba la nje linalodondosha tone tone libadilishiwe washa, kile kipete cha mpira cha ndani, leo.

Kwa anayejenga sasa, dawa ya ardhini hutiwa kabla ya kumwaga jamvi, na udongo hunyweshwa sawasawa, kingo na pembe zote. Kinga hiyo inafanya kazi ikiwa haijakatika. Fundi bomba akija baada ya wiki akachimbua mtaro wa kupitisha bomba la choo, pale alipochimba pamebaki wazi na panahitaji dawa tena. Zamani zilitumika aldrini na dieldrini, zilizokaa ardhini miaka na miaka, na kwa sababu hiyo hiyo zikaingia kwenye miili ya watu na wanyama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku. Dawa za leo huisha nguvu mapema zaidi, na hilo nalifurahia, ila maana yake ni kwamba mtaro wa maji, nyufa na usawa wa udongo vina uzito kuliko vilivyokuwa navyo kwa baba zetu. Oili chafu ya gari sikushauri. Inaharibu udongo, na mchwa huipita kwa kujenga njia juu yake. Na mbao za paini zilizotiwa dawa ya kijani ni nzuri kwa paa, lakini vipande vinavyobaki visiende jikoni: dawa hiyo mara nyingi ina arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Kunguni nitawasema kwa ufupi, isipokuwa jambo moja. Alama yao ni vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro na kwenye maungio ya kitanda. Ukivipangusa kwa kitambaa kilicholowa vinaenea rangi ya kahawia, kwa sababu ni damu iliyokwisha kusagwa. Kuanika godoro juani hakutoshi, wanahamia upande wa kivuli. Joto ndilo linalowamaliza: nguo na mashuka kwenye maji ya nyuzi 60, maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda cha chuma. Dawa ikipigwa lazima irudiwe baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai hayafi kirahisi na ndani ya muda huo huwa yameanguliwa.

Jambo lenyewe ni vidonge vya kuhifadhia mahindi. Kuna watu wanaviweka chumbani chini ya kitanda, wanafunga mlango, wanakwenda kulala kwa jirani. Vidonge hivyo ni alumini fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo huua watu. Fikiria nyumba zetu za kupanga: vyumba sita, ukuta unaishia kwenye usawa wa dari, juu ni bati moja kwa wote, na aghalabu dari yenyewe haipo. Gesi ya chumba cha kwanza inafika kwa mtoto aliyelala chumba cha nne. Nakuomba, usiviweke nyumbani kwa mdudu yeyote, na ukisikia jirani anataka kuviweka, mzuie. Vivyo hivyo dawa inayouzwa barabarani kwenye chupa ya soda au ya maji, isiyo na lebo, usiinunue. Dawa halali ina jina la kiambato, kipimo cha kuchanganyia na namba ya usajili. Kwa Tanzania anayesajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa Kenya ni bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Mpuliziaji akikataa kukuonyesha lebo, mwambie asante na umsindikize.

Mende wako wa aina mbili katika nyumba nyingi, na wanatoka pande tofauti. Mdogo, wa kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni wa jikoni. Anaishi kwenye joto la mota ya friji, kwenye bawaba za kabati, ndani ya redio. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 karibu mpaka yaanguliwe. Kwa huyu tumia jeli ya chambo, vitone vidogo vidogo kwenye maficho, na usipulize dawa ya kopo karibu nayo, kwa sababu harufu yake itamfukuza asile. Mkubwa mwekundu, wa sentimita 4 hivi, anatoka kwenye chemba na karo. Ukipuliza jikoni kwa ajili yake hujafanya kitu. Angalia mfuniko wa chemba uliopasuka, na angalia tundu la maji la bafu lisilotumika: yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba yakikauka, njia kutoka karoni iko wazi. Mwaga ndoo ya maji humo kila wiki.

Panya wa darini anakuja kwa matawi na nyaya, kwa hiyo mwembe ulioinamia bati upunguzwe. Tundu linaloingiza kidole gumba linamtosha, na panya mdogo wa stoo hupita kwenye upenyo wa milimita 6. Jaza waya wa kusugulia sufuria, uzibe kwa simenti juu yake. Matambara hawezi kushindwa kuyatafuna. Sumu darini siipendi: anafia juu ya jipsamu, anaoza, na paka akimla naye anaathirika. Tumia mitego, iguse ukuta, kwani panya hutembea akipapasa ukuta kwa sharubu. Kama nyumbani watu wanaumwa na viroboto vifundoni, dhibiti viroboto kwanza au siku ile ile. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Watu wa Lushoto wanalijua hili vizuri, maana tauni ilizuka huko mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, na viroboto wa panya ndio wanaoibeba. Panya aliyenaswa usimshike kwa mkono mtupu. Mtie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mtego, funga, kisha mfukie.