Kabla Hujatia Sahihi Fomu ya Uzamivu

Nilikuwa nimekaa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, nikingoja jua lipungue ndipo niteremke gatini. Akaja mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, yeye na mamake, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya kujiunga na shahada ya uzamivu, ile ya udaktari (PhD), imejazwa yote isipokuwa mahali pa sahihi. Uzamili, shahada ya pili, alishaumaliza. "Mwalimu," akaniuliza, "nitie sahihi au nisitie?"

Sijafungua kinywa, mamake akadakia: "Akishakuwa daktari, sindano atajua kupiga?"

Tulicheka sote. Lakini mama alikuwa ameuliza swali la maana kuliko la bintiye: kitu hiki kitamfaa nani, kwa kazi gani? Kazi yangu ni kushauri wanafunzi wa shahada za juu katika chuo kikuu cha umma hapa Pwani, na swali hilo huulizwa kila nivukapo kwenda Amu, yaani Lamu. Naandika hapa yale niliyomwambia mwalimu yule, na mengine niliyoyakumbuka nikiwa kwenye boti narudi Mokowe. Nazungumzia fani za insia, yaani lugha, fasihi, historia, dini na falsafa. Anayetaka uzamivu wa udaktari wa samaki au wa hesabu amwulize mwingine.

Niseme mapema kuwa wengi wanaoniuliza huwaambia wasubiri. Akili wanazo. Wanachokosa ni swali.

Nilimwuliza mwalimu yule anataka kuandika nini. "Ushairi wa wanawake wa Lamu." Hilo ni jina la rafu maktabani. Mtu aweza kulizunguka miaka kumi asipate pa kuingilia. Tukalichokonoa karibu saa nzima, mpaka akaanza kunisimulia nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huziimba arusini huku wakigonga pembe. Utotoni alizisikia mtaa wa Mkomani kwa bibi yake. Alipoolewa Langoni, mwendo wa dakika chache kwa miguu, akausikia ubeti uleule una maneno mengine: kwa bibi yake aliyekuwa akiaswa ni bibi arusi, huku kwa wakwe anayechekwa ni bwana arusi. "Hapo," nikamwambia. "Kwa nini?" Akanyamaza. Aliyejibu ni mamake, na bintiye akampinga hapohapo, wakabishana mbele yangu hadi muuza kahawa akageuka kutazama.

Hicho ndicho kipimo changu, na sijapata bora kuliko hicho. Swali likiwafanya watu wawili wanaolijua jambo wabishane, lina pumzi ya miaka minne. Mapendekezo mengi ya utafiti yanayofika mezani kwangu hayana pumzi hiyo kwa sababu jibu limo kwenye kichwa cha habari. "Nafasi ya Kiswahili katika kukuza uzalendo." Mwandishi anajua tangu siku ya kwanza kwamba nafasi ipo, ni kubwa, na ukurasa wa mwisho serikali itahimizwa. Sasa hiyo miaka yote atakuwa akitafuta nini?

Watu wa Lamu wana kosa lao jingine, nami nalielewa kwa kuwa linatokana na fahari. Hudhani kwamba kwa kuwa miswada ya kale iko kwao, basi utafiti nao ni wao. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, ule wa mwanachuoni Habib Swaleh, imekwisha kupigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, ina mkusanyiko wake mkubwa wa miswada ya Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wake. Mwanafunzi aliyeko Naples au Hamburg anaweza kufungua kurasa za Riyadha usiku huu akiwa kitandani. Ukaribu wa karatasi si faida tena. Faida yako, kama unayo, ni kwamba unasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu bila kusaidiwa, unakisikia Kiamu, lahaja ya Lamu, kama mtu wa nyumbani, na ukibisha hodi hufunguliwa hadi ndani. Kama hati zile huzisomi, jifunze kwanza. Maalimu wa kukufundisha wapo mitaani.

Tukaja kwenye fedha. Alitoa daftari la shule, tukapiga hesabu. Nazitoa hapa kama mfano tu, maana kila chuo kina karo yake. Tuseme karo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, kwa miaka minne: 480,000. Kumwona msimamizi na kuhudhuria semina, tuseme mara sita kwa mwaka. Kila safari ina boti hadi Mokowe, basi la kupita Garsen na Malindi, malazi ya siku mbili, chakula, na njia ya kurudi. Tukaiweka 9,000, ambayo ni 54,000 kwa mwaka na 216,000 kwa miaka minne. Kunakili mahojiano, kuchapisha na kujalidi nakala za tasnifu, na gharama ndogondogo, tukaweka 100,000. Jumla: 796,000. Tukagawanya kwa miezi 48. Ni zaidi ya shilingi 16,500 kila mwezi, kutoka mshahara wa mwalimu mwenye watoto wawili, na hapo tumejidanganya kwamba atamaliza kwa wakati. Mwaka wa tano ukiingia, karo nayo inaingia.

Mshahara wenyewe hautapanda kwa ajili hiyo. Tume ya Huduma ya Walimu haimpandishi mwalimu daraja kwa sababu tu ameongeza shahada. Wako walimu waliokopa kwa kuamini kuwa cheti kitalipa deni, na mimi nimewaona wakilia ofisini.

Kwa hiyo nashauri hivi, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: uzamivu wa insia usiulipie kutoka mfukoni mwako. Asiyepata mfadhili mwaka huu aombe tena mwakani. Kenya ipo HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo pamoja na mikopo ya shahada ya kwanza hutoa pia misaada ya masomo ya juu, uko Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, hufadhili baadhi ya wanafunzi wakisomea hapahapa Afrika Mashariki. Kuomba fedha kuna faida ya pili: mtu usiyemjua, asiyekuonea haya, atalisoma swali lako na kukwambia kama linasimama. Barua ya kukataliwa huuma wiki moja. Uzamivu uliokwama katikati huuma kila unapokutana na aliyekuuliza, "Daktari, umemaliza?"

La msimamizi nitalieleza kwa yaliyonipata. Nilimchagua wangu kwa jina. Alikuwa mtu mkubwa, vitabu vyake tulivisoma darasani, na nilipokubaliwa nilijiona nimefika. Sura yangu ya pili ilikaa mezani kwake miezi 11. Nikipiga simu naambiwa yuko safarini, nikienda nakuta kofuli. Iliporudi ilikuwa na alama mbili za kalamu nyekundu, zote za nukta. Miezi ile niliyoipoteza sikumdai mtu; nililipa karo kama kawaida. Aliyeniokoa ni mwalimu kijana wa idara nyingine ambaye hakuwa na jina lolote, ila alisoma kila ukurasa na kuniambia palipo na uongo.

Kwa hiyo usiulize msimamizi ameandika vitabu vingapi. Watafute wanafunzi wake waliomaliza, na hasa walioacha, uwaulize sura ilikuwa ikirudi baada ya muda gani. Mwulize mwenyewe anasimamia wangapi sasa. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inaweka ukomo wa wanafunzi watatu wa uzamivu kwa mhadhiri mmoja, na akikwambia anao wanane, shukuru kwa ukweli wake uende zako. Miongozo hiyohiyo inataka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala mbili katika majarida yenye wahakiki kabla ya kuhitimu. Wengi hulisikia jambo hili mwaka wa nne. Jarida linaweza kukaa na makala mwaka mzima, kwa hiyo ianze mapema ile ya kwanza. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia, nacho huombwa mtandaoni kabla ya kuanza kuhoji watu, hakina ugumu.

Na kazi? Ukitaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu Kenya, uzamivu ndio leseni; bila huo utabaki kwenye ngazi za chini. Lakini leseni si gari. Vyuo vya umma vina madeni, idara hufundishwa na wahadhiri wa muda wanaodai malipo ya mihula iliyopita, na migomo ya 2024 na 2025 kila mzazi anaikumbuka. Nafasi za kudumu za Kiswahili au historia zikitangazwa, waombaji wenye uzamivu hujaa. Ukiangalia nje ya chuo, kwenye makumbusho, uandaaji wa mitaala, tafsiri, uhariri na ofisi za utamaduni za kaunti, kazi nyingi huridhika na uzamili, na zingine hutazama ujuzi wako tu. Kwa hiyo anayesoma kwa ajili ya ajira peke yake ajue anacheza bahati nasibu, tena tikiti yake ni miaka minne au sita.

Wengine huniambia, basi nitakwenda ng'ambo. Vizuri, ila ng'ambo si mahali pamoja. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo ya uzamivu, lakini lazima umpate msimamizi kwanza, umwandikie barua yenye swali, si yenye sifa. Bayreuth kuna kongamano la Kiswahili kila mwaka tangu 1987. Majina ya wanaosoma makala zao huko ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta. Uingereza ni miaka mitatu au minne, na karo ya mgeni bila ufadhili haishikiki. Marekani huchukua miaka sita, saba na zaidi, lakini kwa kawaida anayepokelewa hulipiwa karo na hupewa posho kwa kufundisha, na Mswahili hufundisha Kiswahili. Ipo pia njia ya Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, ya wasaidizi wa kufundisha lugha, ya mwaka mmoja: hutoki na shahada, lakini unaiona hali kwa macho yako kabla ya kujifunga. Nako mambo yamebana. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Chicago kilisitisha kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu katika idara kadhaa za insia. Kama chuo tajiri kiasi hicho kinafunga mlango, mpango wako usitegemee mlango mmoja.

Mama mtu alikuwa akisikiliza muda wote. Akauliza, "Kwani Nabhany alikuwa na hiyo shahada?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ahmad Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, alizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, mwaka 1927, na hakusomea uzamivu. Watafiti kutoka Ulaya, Marekani na vyuo vyetu walikuja kukaa miguuni pake wakiandika. Neno "runinga" tunalolitumia leo ni lake. Tasnifu ngapi zina jina lake kwenye ukurasa wa shukrani sijui kama kuna aliyewahi kuzihesabu. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi katikati ya karne ya 19, watu wamepata udaktari kwa kumsoma. Lamu imekuwa ikizalisha ujuzi na wengine wakichukua vyeti, na hasira ya jambo hilo naijua, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka mimi kwenye uzamivu.

Ila hasira haiwezi kuandika sura ya tatu. Na kuna kazi isiyongoja cheti. Wanawake wanaozijua nyimbo za vugo kwa ukamilifu ni wazee. Kurekodi kunahitaji simu, ruhusa ya anayeimba, daftari la kuandika nani, wapi na lini, na uvumilivu wa kurudi mara ya pili kuuliza neno usilolielewa. Mwalimu yule anaweza kuanza Alhamisi hii bila kumwomba mtu fomu. Akifanya hivyo miezi sita, mojawapo ya mambo mawili yatatokea: atachoka, na atakuwa ameokoa laki nane kasoro, au swali litamkaba, na hapo hatahitaji mimi wa kumwambia atie sahihi.

Fomu ikarudi ndani ya bahasha. Mama akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, hakuniamini, nikapewa mikate ya sinia miwili imefungwa kwa gazeti.

Baada ya miezi mitatu nilipata sauti kwenye simu. Pembe zinagongwa, wanawake wanaimba, halafu wimbo unakatika na bibi wawili wanaanza kubishana, mmoja anasema mwenzake ameugeuza ubeti makusudi. Chini yake mwalimu ameandika: "Sikiza dakika ya tatu. Wote wawili wanasema walifunzwa na mtu mmoja."